Mashine ya Mama Haron

Jumapili hiyo, kama Jumapili zote tangu mvua ianze, Angwenyi alisimama kati ya migomba yake akatega sikio upande wa nyumba ya mkaza mwanawe, Nyakerario. Chai ilimpoea mkononi. Alikuwa akisubiri kusikia mashine ya kufua nguo ikinguruma huko ndani, na hakusikia kitu.

"Ameiuza," akajiambia. "Haki ya Mungu, ameiuza."

Sasa, mtu mwingine angevuka uwanja akabisha, akatazama kwa macho yake, mambo yakaisha. Lakini mtu huyo asingekuwa Mgusii. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hata inyeshe mvua ya mawe. Akiwa na neno husimama mbali, nje, na mwanamke hutoka akamjibu kutoka mlangoni, macho chini na sauti chini. Hiyo ndiyo ensoni, heshima yenye haya ndani yake, na pale Magwagwa hakuna aliyeishika kama Angwenyi. Mwenyewe alijisifu kwamba tangu mwanawe Haron aoe, hajui hata mapazia ya nyumba ile ni ya rangi gani. Ndiyo maana alibaki na masikio tu.

Na masikio yake, lo, usiyaguse! Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai tangu ujana wake mpaka akastaafu, na hadithi yake kubwa ilikuwa jinsi alivyopita kati ya mashine zinazonguruma, akasimama ghafla, akanyoosha kidole na kusema, "Hiyo beringi haifiki Ijumaa." Na kweli haikufika. Angekusimulia hayo utake usitake. Mitambo ile ilipiga kelele hadi meno yakatikisika mdomoni, na wenzake waliopewa vizibo vya masikio walivivaa, lakini Angwenyi alivitia mfukoni. Alisema fundi aliyeziba masikio ni sawa na dereva aliyefumba macho.

Alipostaafu akapata wazimu mwingine, wa mashine za zamani za kufua nguo. Ulianzia Kisii mjini kwa Pankaj, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake Pankaj, Bi Rekha, alikuwa na mashine ya kale ya beseni mbili, moja ya kufulia na moja ya kukamulia, imekaa stoo ikila kutu. Angwenyi akaibeba kwenda nayo nyumbani. Akaifungua yote, akaipiga msasa, akaitia mkanda mpya na beringi mpya, akaipaka rangi, akaiwasha. Ilipozunguka, mzee alipiga makofi peke yake. Alimrudishia Bi Rekha mashine yake, na yeye akaenda kutafuta nyingine, kwa mapadri, kwa walimu wastaafu, popote palipo na stoo isiyofunguliwa. Banda la ng'ombe likajaa mashine, ng'ombe akafungwa nje.

Na usidhani alizitengeneza ili auze. Raha yake ilikuwa kuweka kiti, kumimina maji na sabuni, kutia blanketi moja chafu, kisha kukaa mkono wake ukiwa juu ya mashine, akiangalia povu likizunguka kushoto, likisimama, likizunguka kulia. Wapita njia walicheka. "Mzee yuko kwa televisheni yake," walisema.

Iliyozipita zote ilikuwa ya rangi ya krimu yenye mstari wa buluu, aliyomtengenezea mkewe, Mama Haron. Mama Haron aliitumia mpaka ugonjwa ukamlaza, na alipofariki Angwenyi aliifunika shuka, asiweze hata kuitazama. Halafu Nyakerario akajifungua mapacha. Haron yuko kazini Nakuru, huja mwisho wa mwezi, na mwanamke alikuwa peke yake na watoto wawili wanaolowesha nguo kutwa kucha. Angwenyi akaifunua mashine, akaitia grisi, akawaambia vijana waibebe hadi jikoni kwa mkaza mwanawe. Walipoondoka nayo alikwenda nyuma ya banda akalia, asionekane. Kwa hiyo unaelewa kwa nini ukimya wa nyumba ile ulimnyima raha.

Tena si ukimya peke yake. Kulikuwa na Omosa. Huyu Omosa hununua vyuma chakavu, hupita vijijini na mkokoteni, na Angwenyi alimwona kwa macho yake akitoka uani kwa Nyakerario, mzigo umefunikwa gunia, na chini ya gunia kitu chenye pembe. Angwenyi alimsimamisha akamuuliza amebeba nini. Omosa akasema neno huku akicheka, akaendelea kusukuma. Neno lenyewe Angwenyi hakulipata. Aliamini ni kwa sababu lilisemwa lisipatikane.

Halafu watu nao walikuwa wameanza kunong'ona. Kanisani wananong'ona, sokoni wananong'ona, hata Machogu, mdogo wake wa tumbo moja, siku hizi anaongea kama mtu aliyeficha ugali shavuni. Akiwageukia wanatabasamu. Wanajua, Angwenyi alisema moyoni. Magwagwa yote inajua mashine imekwenda wapi isipokuwa mimi.

Basi asubuhi hiyo akamwaga chai yake, akaenda kusimama uwanjani, mbali kama inavyotakiwa, akaita. Nyakerario akatoka, pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, akasimama penye mlango na kuinamisha macho.

"Mama mapacha, ile mashine iko?"

Midomo ya Nyakerario ilicheza. Angwenyi alidaka "Tata," yaani baba, basi.

"Nauliza mashine! Inafanya kazi?"

Midomo ikacheza tena. Nyakerario akaonyesha kwa kidole nyuma yake, ndani, akatabasamu akitazama vidole vya miguu yake.

Anatabasamu! Angwenyi aliona damu inapanda. Mtu mwenye jibu safi hulitoa likasikika, huyu mbona anatafuna maneno? Akatupa jicho kwenye kamba ya nguo. Nepi, vijishuka na sweta ndogo zilijipanga hapo, nyeupe zikiwa nyeupe kweli, na hakuna hata moja inayodondosha maji. Fundi wa mashine za kukamulia angepaswa kuliona hilo akatulia, maana mikono ya binadamu haikamui nguo hivyo. Aliliona, tena vizuri sana. Na unajua alisema nini? Alisema, "Anapeleka nguo kwa mtu mwenye mashine." Ona mzee huyu sasa! Mashine ameiuza, halafu anatafuta mashine ya kufulia.

Siku mbili tatu baadaye Pankaj akamtumia ujumbe kwenye simu kwamba mashine ya mama inasumbua, aje aione. Angwenyi akavaa kofia akashuka Kisii.

Mashine ilikuwa kwenye ua wa nyuma wa duka. Bi Rekha alikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, bakuli la mbaazi mapajani, akiambua. Pankaj akachomeka waya kwenye soketi, maji yakaanza kuzunguka.

"Unasikia hiyo, Mzee?" Pankaj aliuliza, na aliuliza kwa sauti kubwa.

"Nasikia nini?"

Pankaj akamwangalia. Bi Rekha alikuwa amekunja uso, kiganja kimoja sikioni. Kijakazi aliyekuwa akianika nguo upande wa pili alikimbilia ndani.

Angwenyi akaweka mkono juu ya mashine. Ilitetemeka taratibu, kama kawaida yake. "Hii ni nzima kabisa," akasema.

"Nzima? Mzee, inalia kama breki za lori! Majirani wamekuja kuuliza tunachinja nini."

Angwenyi akawatazama mmoja mmoja. Wameichoka, akawaza. Wanataka hizi mpya za kubonyeza vidude, na wanaona aibu kuniambia, sasa wamepanga mchezo wa kuigiza. Lakini Bi Rekha, mama mzima, mtu waliyeheshimiana miaka yote hiyo!

"Hata wewe, Mama?" akamuuliza.

Bi Rekha akaweka bakuli chini. Akasema kitu polepole, kwa upole, akagusa sikio lake mwenyewe, kisha akanyoosha kidole kuelekea sikio la Angwenyi. Angwenyi aliona hiyo ni dharau ya wazi. Hakuaga. Alitoka akapita dukani kama upepo, Pankaj nyuma yake akiita "Mzee! Mzee!" na yeye haitiki.

Akateremka kwa miguu mpaka Daraja Mbili ili hasira impungue, na hapo ndipo shetani alipomngojea. Pembeni mwa soko, kupita wauza ndizi na marundo ya mitumba, kulikuwa na lundo la vyuma vya kuuzwa kwa kilo, na juu ya lundo kifuniko cha bati cha rangi ya krimu. Kina mstari wa buluu. Moyo ulimpasuka. Hakukigeuza aangalie vishikizo vyake, hakuuliza kimetoka wapi. Yeye anayejua kila skrubu ya mashine ile hakukigusa hata kwa kidole, kwa sababu alikuwa na jibu tayari.

Alipofika nyumbani alimpigia Haron palepale uwanjani.

"Mkeo ameuza mashine ya mama yako!"

Sauti ya Haron ilimjia kama maji yanayopita kwenye bomba. Maneno mawili matatu, halafu mvumo, halafu "Baba".

"Usinizungushe! Nimeona kifuniko kwa macho yangu! Njoo Jumapili, na wazee nitawaita. Mashine isipoonekana, huyo mwanamke arudi kwao Keumbu na watoto wake wabaki hapa. Siwezi kukaa boma moja na mwizi!"

Maneno hayo yalivuka migomba, yakavuka barabara. Nyakerario alikuwa shambani akichuma mboga za chinsaga. Angwenyi alimwona akinyooka polepole, kapu mkononi, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. "Ameona mambo yamefichuka," Angwenyi akasema, na moyo wake, badala ya kufurahi, ukamuuma. Alikuwa akimpenda msichana yule. Tangu Mama Haron aondoke, moshi wa jiko lake ndio uliomwambia asubuhi kwamba boma lina mtu.

Jumapili ikafika. Viti viliwekwa uwanjani. Haron alikuwa amefika, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Machogu alikaa kushoto, na katikati akakaa mzee Onchiri wa ukoo wao, fimbo kati ya magoti. Nyakerario alisimama mlangoni pake na mapacha, na miguuni pake palikuwa na begi lililofungwa zipu. Kila mtu aliliona begi lile. 

Angwenyi alisimama akasema yote. Akasema kuhusu ukimya, na Omosa na gunia lake, na kifuniko cha Daraja Mbili. Halafu akafika kwa marehemu. "Nilimpa kitu cha Mama Haron kwa mikono miwili," alisema. "Kama alitaka kuuza si angeniambia? Ningemnunulia mimi sabuni ya mwaka mzima! Kuniibia kwa nini?"

Onchiri akamgeukia Nyakerario. Nyakerario akajibu, macho chini, kama mke anavyojibu mbele ya baba mkwe. Alijibu kwa muda mrefu. Angwenyi aliona midomo, aliona mkono ukifuta jicho.

"Mnaona?" akaruka. "Mnaona wenyewe? Hana jibu!"

Wanaume watatu wakamwangalia.

"Amejibu, Angwenyi," Machogu alisema, akaona hakusikika, akarudia kwa nguvu. "Nasema amejibu! Omosa alibeba mabati ya choo cha zamani. Mashine iko. Anafua nayo kila Jumapili."

"Iko wapi? Mbona siisikii?"

 Haron aligeuza kichwa kuelekea nyumba, kisha akamtazama baba yake, na uso wake ukabadilika.

"Baba," akasema, akakaribia. "Baba, inazunguka sasa hivi."

"Nini?"

"Inazunguka sasa hivi! Tangu tulipokaa! Sote tunaisikia!"

Angwenyi akawatazama. Onchiri alikuwa anaitikia kwa kichwa. Machogu anaitikia kwa kichwa. Aha! Kumbe wamekula njama, damu yake mwenyewe na mzee wa ukoo, wote wamenunuliwa! "Mlikutana lini?" akauliza, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Hebu niambieni, mlikutana kwa nani mkapanga kunifanya mwendawazimu?"

Haron hakubishana. Aliingia ndani akaiburuta hadi mlangoni, Machogu akaipokea kwa nje. Wakaja wameibeba, ya krimu, mstari wa buluu, kifuniko chake juu yake, maji yakiruka pembeni. Wakaitua uwanjani mbele ya Angwenyi, Haron akavuta waya mrefu kutoka jikoni, akachomeka. Angwenyi aliona povu likitikisika. Likazunguka kushoto. Likasimama. Likazunguka kulia.

Na hakusikia kitu.

"Mmetoa mota," alisema, lakini alisema bila nguvu, maana povu halizunguki bila mota, nani ajuaye hilo kuliko yeye? Akaweka kiganja juu ya mashine kama alivyozoea. Mara ile ikaanza kuimba, ule mngurumo wake mzito, mtamu, kama zamani. Akaondoa kiganja. Kimya. Akarudisha, ikaimba. Akaondoa tena, na uwanja wote ukawa kimya, ingawa Onchiri alikuwa ameinama anasema naye na midomo yake inakwenda.

Angwenyi akatazama mkono wake. Miaka mingapi amekuwa akisikia kwa mkono huu akidhani ni sikio? Akamkumbuka Bi Rekha na bakuli lake, na aibu ikamshika.

Ndipo akaona kinachozunguka ndani ya maji. Shati lake la kanisani. Suruali yake ya kijivu, ile yenye kiraka alichokishona Mama Haron. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, aliacha nguo chafu kwenye ndoo nje ya mlango wake, na Jumapili jioni alizikuta zimekunjwa kwenye kiti. Hakuwahi kuuliza zimepita wapi. Nyakerario alikuwa anaanza na za mzee kwanza, peke yake, zisichanganyike na za nyumba ile, kama ensoni inavyotaka. Wakati yeye anamwita mwizi mbele ya wazee, mwanamke alikuwa anamfulia.

"Nimekosa," Angwenyi akasema. Akageuka kumtafuta. "Mwanangu, nimekosa. Masikio yangu... Nimekosa sana."

Nyakerario hakuinua macho. Midomo yake ilicheza kidogo tu, halafu ikafungwa. Angwenyi akamtazama Haron, Haron akatazama chini. Akamtazama Machogu, Machogu akajifanya anapangusa maji suruali yake. Wote walikuwa wamesikia, na hakuna aliyetaka kumwambia. Lile wazo la zamani likataka kunyanyuka tena, kwamba wanamficha. Akalikataa.

"Sijasikia," akasema. Hakuwahi kulitamka neno hilo maisha yake yote. "Sikusikii, mwanangu. Sema tena."

Nyakerario alivuta pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo mke wa mwana hafanyi. Alishuka mlangoni, akavuka uwanja, mapacha wakimning'inia, akasimama karibu na baba mkwe wake hadi mzee akaona machozi machoni mwake, akainua uso na kupaza sauti mpaka waliokuwa barabarani wakasimama.

"Nimesema naenda kwetu, Tata! Umeniita mwizi, na kijiji kizima kimesikia! Na watoto wangu siwaachi hapa! Ukinitaka, uje Keumbu wewe mwenyewe, usimtume Haron, useme mbele ya baba yangu kwamba mimi si mwizi! Useme kwa sauti hiyohiyo!"

Alilisikia lote. Lilimwingia neno kwa neno, safi, kama zile beringi za kiwandani enzi zake. Alitaka kujibu kwamba atakuja, kesho atakuja, lakini Nyakerario alikuwa ameshageuka, na Haron ameshainua begi.